Mtu Aseme kwa Sauti Gani Kazini

Wiki iliyopita mjukuu wangu Rehema alirudi kutoka semina ya ofisini kwao akaniambia amepimwa tabia. Nikadhani ni kipimo cha damu. Akacheka, akanieleza kwamba siku hizi wafanyakazi wanajibu maswali, kisha wanaambiwa huyu ni mkali, huyu ni mpole, huyu ni mcheshi, huyu ana ulimi wa kushawishi, ili kila mmoja ajue namna ya kuishi na mwenzake. Yeye ameambiwa ni mpole. Ameambiwa pia kwamba wapole ni nguzo ya kazi.

Nikaweka kikombe cha chai chini. Nguzo ya kazi. Mimi nimewaona hao nguzo, nimeona wanavyoegemewa mpaka wanavunjika, na nimeona nani anakula pilau baadaye. Kwa hiyo, Rehema, na ninyi wenzake mnaoanza kazi na viatu vyenu vipya, nisikilizeni kidogo. Sina vyeti vya kupima watu. Nina miaka yangu ya kuchambua nta.

Nilifanya kazi katika kiwanda kidogo cha nta na asali hapa Tabora, upande wa reli. Niliingia nikiwa msichana, uhuru bado una harufu ya rangi mpya, nikatoka nikiwa na wajukuu. Warina asali walituletea masega yaliyokwisha kukamuliwa, yamejazwa kwenye magunia, yamechanganyika na magome, majani na nyuki wafu. Sisi kinamama tulikaa kwenye meza ndefu tukichambua takataka. Kisha masega yaliingia kwenye tangi kubwa la chuma lililokaa juu ya tanuri la kuni. Maji yanakaa chini, nta inayeyuka na kuelea juu kama mafuta ya mchuzi, inachujwa kwa gunia, inamiminwa kwenye makarai, inaganda. Ukisikia hivyo utadhani ni upishi. Si upishi. Nta ikimwagika motoni inawaka kama petroli, na ukiitia maji inakurukia usoni. Ndiyo maana kila kona ya kile chumba palikuwa na ndoo ya mchanga, na hakuna aliyeruhusiwa kuuchota kwa sababu yoyote, hata kusugulia sufuria.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Mihayo, mkuu wa tanuri. Jina lake kwa Kinyamwezi maana yake ni maneno, na wazazi wake hawakukosea. Alikuwa anafoka. Alifokea kuni mbichi, alifokea mvua, alifokea jogoo aliyepita uani. Siku yangu ya kwanza nilimwamkia, "Shikamoo mzee," akaniitikia, "Marahaba, toa hicho kiatu mlangoni kabla hujatuua, moto ukitoka tutajikwaa." Nililia. Jioni ile ile alinipa matobolwa, vile viazi vilivyochemshwa na kukaushwa, alivyofungiwa na mkewe kwenye kitambaa, akaniambia nile polepole maana vinakaba.

Kwake nilijifunza kutafuna nta. Nta safi ukiitafuna inakaa pamoja mdomoni na haigandi kwenye meno. Iliyotiwa mafuta ya mnyama inateleza na kuacha utando kwenye ulimi. Siku moja alikuja shemeji yake mwenyewe, mume wa dada yake, kutoka Choma, na gunia la nta nzuri ya manjano. Mzee Mihayo akachukua kipande, akatafuna, akatema. Akasema mbele ya watu wote, "Shemeji, ng'ombe wa Choma wameanza lini kutengeneza nta?" Yule bwana akabeba gunia lake akaondoka, na ugomvi ule ulikaa kwenye ukoo mpaka harusi iliyofuata. Nilimuuliza mzee kama hakuona aibu. Akasema, "Nimeona. Lakini nta ingekuwa mbaya hata kama aibu yangu ingekuwa nzuri."

Huyo ndiye mkali. Mshike kichwani.

Mpole alikuwa Yohana, msaidizi wake, Mmoraviani kutoka Isikizya, mrefu, anayeinama kila mlango hata ule usiomgusa. Sijawahi kumsikia akipandisha sauti. Ukimkanyaga, yeye ndiye anayesema samahani. Wale wawili walifanya kazi pamoja kama mvua na mahindi: mmoja anapiga, mwingine anaota. Mzee akifoka kwamba kuni zimewekwa ovyo, Yohana anazipanga upya bila neno, na mzee anabaki hana cha kufoka, anahamia kwa jogoo.

Mimi nilikuwa mcheshi. Meza ya kinamama ilikuwa haikauki vicheko, na nusu ya lawama ilikuwa yangu.

Na mwenye ulimi alikuwa Ndugu Shomari, msimamizi wetu. Zama zile wote tulikuwa ndugu: Ndugu Meneja, Ndugu Katibu, ndugu mpaka mlinzi wa geti. Shomari alitoka Pwani, alikuja mwaka ule watu walipokuwa wanahamia vijijini. Sitaki mumchukie mapema, maana hata mimi nilimpenda. Alijua majina ya watoto wetu wote. Msibani alikuwa wa kwanza kushika jeneza. Ukiwa na shida, anakupokea kwa mikono miwili, anakusikiliza mpaka mwisho, anakushukuru kwa kumwamini. Unatoka pale umepoa moyo, unafika nyumbani ndipo unakumbuka kwamba shida yako iko palepale.

Meneja alikuwa kijana kutoka chuoni, mtu wa amani. Neno lake lilikuwa moja: hapa sisi ni familia. Kila penye fukuto alimtuma Shomari akalipoze. Ndivyo walivyoishi, mmoja anaogopa kelele, mwingine anajua kuzizima.

Sasa tangi likaanza kulia. Mshono wa chini ulikuwa umechoka, na maji yakawa yanadondoka motoni tone kwa tone, tunasikia chii, chii. Maji yakidondoka si neno. Lakini mshono ukifunguka zaidi, nyuma ya maji kuna nta. Nisikilizeni hapa vizuri: jambo hili halikuwa siri ya mafundi. Mimi nililiona. Kinamama wote waliliona. Meneja mwenyewe alilisikia akapita haraka. Dawa yake pia tuliijua, ni kuzima tanuri, kuliacha tangi lipoe, na kumwita mchomeleaji kutoka karakana ya reli, hatua chache kutoka kwetu. Tungesimama siku kadhaa, basi. Lakini wakubwa walikuwa wanakuja kuangalia uzalishaji, na meneja alitaka wakute nta imerundikwa mpaka darini.

Kwenye mkutano wa asubuhi Mzee Mihayo akasimama. "Tangi linavuja. Nilisema wiki iliyopita, nasema leo. Au mnataka nitafute mkalimani?"

Shomari akacheka kwa mapenzi kabisa. Mnajua Wanyamwezi na watu wa Pwani ni watani tangu enzi za misafara, babu zetu walipokuwa wanabeba mizigo kwenda na kurudi. Akasema, "Jamani, mtani wangu huyu. Babu zake walitembea mpaka kwetu, na mzigo waliotuletea ulikuwa kelele."

Watu wakacheka. Hata mimi nilicheka, maana lilichekesha.

"Sikutanii, Shomari," akasema mzee.

"Mnaona? Mtani akikasirika ndipo utani unanoga."

Mkutano ukafungwa kwa vicheko. Jambo la moto limeingia kama jambo la moto, limetoka kama utani. Tangu siku ile, kila mzee alipofungua mdomo kuhusu tangi, watu walishaanza kutabasamu kabla hajamaliza.

Yohana yeye alikwenda kwa njia yake. Nilimwona amesimama mlangoni kwa Shomari, kofia mkononi, anaongea chini chini. Alilelewa hivyo, kwamba mkubwa humwambii kasoro mbele za watu. Alipotoka nikamuuliza, "Umemwambia habari ya tangi?"

"Nimemwambia, dada Tatu."

"Amesemaje?"

"Amenishukuru."

Alirudi tena, na tena. Kila mara alishukuriwa.

Na mimi nikajaribu ya kwangu. Wakati wa chai nikasema kwa sauti, wote wasikie, "Ndugu Shomari, siku hilo tangi likipasuka sisi kinamama tutatoka humu tumeshakuwa mishumaa." Akacheka mpaka akafuta machozi. Baadaye nikasikia ofisini wanacheka, anawasimulia kana kwamba ni la kwake.

Kabla ya ile ziara meneja aliamuru tanuri liwashwe kwa nguvu zaidi, kuni mara mbili. Mzee Mihayo alikataa. Alitupa koleo chini akasema hawashi. Sasa, msidhani alifukuzwa. Familia haifukuzi mtu. Shomari alimshika bega, akamwita mtani, akasema mzee amechoka, anahitaji kazi nyepesi. Wakampeleka uani kuosha madebe ya asali. Mtu aliyewasha lile tanuri kabla sisi hatujafika, anasugua madebe kwa majivu, kwa ajili ya amani ya kazi.

Tanuri akapewa Yohana.

Nilimfuata. Nikamwambia, "Yohana, kataa."

Akaangalia mikono yake. "Dada, nikikataa mimi atawekwa mwingine ambaye hajui hata harufu ya nta ikikaribia kuungua. Na ninyi mko nyuma ya ukuta huo."

Ndiyo maana nasema, wanaopima upole kwa maswali ya semina hawajui wanachopima. Mnadhani mpole ni mtu asiye na maoni. Yule alikuwa ameshapiga hesabu yake yote kichwani, na hesabu ilikuwa inatuhusu sisi.

Ilikuwa saa za asubuhi, jua limeshapanda, tumeanza kuzungumza habari za mchele. Tulisikia kishindo kama mlango wa behewa unaofungwa. Kisha mwanga ukaja chini ya mlango wa kwenda tanurini, wa rangi ya machungwa, unatambaa sakafuni. Nta ilikuwa inatiririka na kuwaka. Mlango wetu mkubwa ulikuwa umefungwa kwa nje ili vumbi lisiingie siku ya wageni, tukawa tunasukumana kwenye kadirisha ka pembeni, tunavutana, mama mmoja mjamzito tumemweka mbele. Nilipotua nje ya dirisha niligeuka, nikaangalia kupitia mlango wa tanuri. Nilimwona Yohana. Angeweza kukimbia, mlango wa upande wake ulikuwa wazi. Alikuwa anazivuta kuni zinazowaka kutoka tanurini, anazitupa nje kwa mikono, moja baada ya nyingine, ili moto usiendelee kuichochea nta inayokuja kwetu. Reki ya kuvutia kuni ilikuwa imeshaungua mpini.

Mzee Mihayo alitoka uani na debe mikononi. Hakufoka. Ni siku pekee niliyomwona anafanya kazi kimya. Alimwaga mchanga, ndoo baada ya ndoo, akatengeneza njia, akamkamata Yohana kiunoni akamtoa. Moto ukafukiwa na mchanga ule ule tuliokatazwa kusugulia sufuria. Sisi tulitoka wote wazima. Yohana alitoka bila mikono. Ilikuwepo, lakini tangu siku ile haikufunga wala kufunguka, vidole vilijikunja kama vya kuku.

Shomari alikwenda hospitali kila jioni. Alimpelekea machungwa, akamenya mwenyewe, akamlisha. Alilia kweli, machozi ya kweli. Nawaambieni hivyo ili msitegemee kumtambua mtu wa namna hiyo kwa sura mbaya.

Yohana alipoweza kusimama, ukaitwa mkutano wa wafanyakazi kwenye bwalo la chakula. Wakati ule tulikuwa na kamati, na tuliambiwa mfanyakazi ana sauti. Meneja akasoma maneno machache ya majonzi. Kisha Shomari akasimama, sauti yake imelainika kama siagi.

"Ndugu zangu, Yohana ni kipenzi chetu. Lakini tujifunze. Upole nao una hatari zake. Kama tangi lilikuwa na kasoro, mbona mwendeshaji wake hakusema?"

Yohana alikuwa amekaa mbele, mikono imefungwa vitambaa vyeupe juu ya mapaja.

"Nilisema," akasema.

"Ulisema lini, ndugu yangu?"

"Mlangoni kwako. Zaidi ya mara moja. Ulinishukuru."

Shomari akatikisa kichwa kwa huruma. "Yohana, pale tulikuwa tunazungumza. Kuzungumza si kutoa taarifa."

Mzee Mihayo akainuka. "Mimi je? Mimi pia nilikuwa nazungumza?"

"Mzee wangu, wewe unafoka kila siku. Leo kuni, kesho jogoo. Mtu atajuaje kelele ipi ni ya kweli?"

Na wapo waliotikisa vichwa kukubali. Hapo ndipo damu yangu ilipochemka, na haijapoa mpaka leo ninapowaandikia. Nikasimama juu ya benchi ili nionekane, maana mimi ni mfupi.

"Na mimi nilisema," nikasema. "Mbele ya watu wote, wakati wa chai."

"Dada Tatu, wewe ulitania. Sote tulicheka."

"Vizuri," nikamwambia. "Mpole alisema kwa upole, kumbe ni mazungumzo. Mkali alisema kwa ukali, kumbe ni kelele. Mcheshi alisema kwa ucheshi, kumbe ni utani. Basi tuambie, Ndugu Shomari, mtu aseme kwa sauti gani ndipo wewe usikie? Tufundishe hiyo sauti, tukaifanyie mazoezi nyumbani."

Shomari akamgeukia meneja. Meneja akasema labda tuahirishe, hisia ziko juu. Mama yule mjamzito, ambaye sijawahi kumsikia akizungumza mkutanini, akasema hisia zake ziko pale pale zilipo na hatarudi kwenye ile meza mpaka tangi limetengenezwa na mlango umefunguliwa. Akatoka. Tukamfuata. Tukakaa nje ya geti na vitenge vyetu, tunasuka ukili, na masega yakaanza kuingiwa na nondo, vile vipepeo vinavyokula nta, kwenye magunia. Shomari alikuja kutusalimia kila asubuhi, akamuulizia mtoto wa kila mmoja. Tuliitikia salamu. Hatukuinuka.

Tulishinda kiasi. Mchomeleaji wa reli alikuja, mlango ukawekwa komeo la ndani, na Mzee Mihayo akarudi tanurini, akaanza kwa kufokea namna madebe yanavyooshwa tangu yeye aondoke uani. Lakini wakuu hawakumtia yeyote hatiani. Walisema ni ajali. Yohana aliambiwa akapumzike nyumbani, na kupumzika huko hakukuwa na mwisho. Mtu wa shamba asiyeweza kushika jembe, anapumzika vipi?

Na Shomari akapandishwa cheo, akahamishiwa mkoa mwingine. Walisema ana kipaji cha kuishi na watu. Tukaandaliwa pilau ya kumuaga. Mimi sikula, nilikaa nimefumba mdomo kama nimefunga. Mzee Mihayo alikula sahani ya kwanza akaongeza ya pili. Nilipomkazia macho akasema, "Mchele haukupasua tangi."

Basi, wanangu, msinifuate kuniuliza ninyi ni kundi gani. Tabia Mungu amezigawa, na kila moja ina kazi yake. Nilichokiona mimi ni kwamba kazini ukali hupelekwa kuosha madebe, na upole hupelekwa motoni, na wanaofanya ugawaji huo hawapimwi na mtu. Mkiwa wakubwa, mtu akija kwenu akafoka, msikilizeni anachokifokea. Akija na kofia mkononi, msimshukuru, nyanyukeni mkaangalie. Akiwachekesha, mkimaliza kucheka mjiulize amesema nini. Na kama ninyi ndio wasemaji, msiende mlangoni peke yenu. Nendeni na wenzenu, wa kila sauti.

Miaka mingi imepita. Mzee Mihayo tumemzika, na makaburini watu walikuwa wanaigiza anavyofoka, huku wanalia. Siku moja sokoni nilishikwa bega, nikageuka, nikamwona Shomari. Amezeeka vizuri, kanzu safi. Amekuja kuishi kwa binti yake aliyeolewa hapa mjini. Akanikumbatia, akawaulizia wanangu kwa majina, na hakukosea hata mmoja.

"Tatu, siku zile tulikuwa familia," akasema. "Yohana hajambo?"

"Yuko kwao Isikizya. Nenda kamuulize mwenyewe."

Macho yake yakalowa. "Nitakwenda. Wallahi nitakwenda. Nimefurahi sana umenikumbusha."

Gari la Isikizya linaondoka kila asubuhi, na jioni mtu amerudi. Mimi mwenyewe hupanda na miguu yangu hii mibovu. Mvua zimenyesha, zimekatika, zimenyesha tena. Kila nikifika namkuta Yohana amekaa barazani, mkewe anamshikia kikombe, nami namuuliza kama Shomari amekuja.

"Bado, dada," ananijibu. "Atakuwa na shughuli."

Hata kwa hilo anamtafutia sababu. Mimi simtafutii.